PICO-8: bao langu limevaa kanga

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayechungulia skrini yangu dukani. Ni dola 14.99, unalipa mara moja kwa kadi, unapakua, kwisha. Hakuna malipo ya kila mwezi, na ukishaipakua haikuombi bando ndipo ifunguke. Laptopu yangu ni ya mtumba, feni yake inasikika hadi kwa fundi viatu wa jirani, na PICO-8 inakimbia humo bila kusuasua.

Sasa ni kitu gani? Ni programu inayojifanya mashine ya gemu ya zamani ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza. Skrini yake ni mraba wa nukta 128 kwa 128. Rangi ni 16, zimeshachaguliwa. Sauti zinazoweza kulia kwa pamoja ni nne. Vitufe ni sita: mishale minne, O na X. Gemu nzima, yaani picha, ramani, muziki na msimbo, inakaa kwenye katriji, yaani faili moja la gemu, ya kilobaiti 32, na msimbo wenyewe, unaoandikwa kwa lugha ya Lua, hauruhusiwi kuzidi tokeni 8,192. Tokeni ni kila neno, kila namba, kila alama ya hesabu. Koma na maelezo ya pembeni hayahesabiwi. Vifaa vyote vimo ndani: pa kuandikia, pa kuchorea, pa kupangia ramani, pa kutungia milio. Aliyeitengeneza ni Joseph White, wengi humwita zep, kupitia kampuni yake, Lexaloffle, na imekuwa sokoni tangu 2015. Mipaka yote hiyo aliiweka kwa kupenda mwenyewe, hakuna kompyuta ya leo iliyomlazimisha.

Mimi si mtaalamu wa programu. Nina duka la uchapaji hapa Ngamiani, Tanga: kadi za harusi, mabango, vitabu vya risiti, vitambulisho vya shule. Mchana kutwa nafanya kazi na watu wasiotaka mpaka wowote. Mteja anataka fonti nne kwenye kadi moja, picha ya bwana harusi, picha ya bibi harusi, njiwa wawili, pete, na akiona sehemu nyeupe anaumia moyo: "Dada, hapo pamebaki patupu, si uweke ua?" Ninaweka ua. Pesa ni yake. Ndiyo maana usiku nilitaka kitu kinachoweza kuniambia hapana.

Nilichotaka kutengeneza ni bao. Nasema bao la kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64, lenye awamu mbili, namua na mtaji, si yale ya kwenye simu yenye safu mbili tu za mashimo na mazulia ya Uarabuni nyuma yake. Na hapa ndipo ninapotofautiana na tathmini nyingi za PICO-8. Watu wanaisifu mipaka yake kana kwamba mipaka ndiyo inayobuni. Haibuni. Nukta 128 kwa 128 ni nukta 16,384, na katika nukta 16,384 kuna nafasi ya kutosha kabisa ya kutengeneza kadi ya harusi mbaya. Mashine inakuambia huwezi kuweka zaidi ya hiki. Haikuambii uweke nini, wapi, na kwa nini. Hilo ni lazima ulete mwenyewe kutoka nyumbani.

Nikaenda kabatini nikatoa kanga.

Kila anayesoma hapa amejifunga kanga, amebebwa kwa kanga au amefunikwa kanga akiwa na homa, kwa hiyo sitaeleza sana. Lakini itazame kama mchapaji. Ni kitambaa cha kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi, na sheria yake haijabadilika kwa miaka mingi: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji. Rangi chache, zinazopigana. Ndani ya sheria hiyo watu wamechora korosho, embe, jogoo, Kaaba, marais na ramani, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kuwa amebanwa. Jina lenyewe lilianza kwa herufi za Kiarabu, likahamia za Kilatini, na kanga ikabaki kanga.

Basi nikaandika kanuni zangu kwenye karatasi nikaibandika juu ya printa. Kila skrini ya gemu iwe na pindo, mji na jina. Rangi zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Maneno yote yakae kwenye jina, kusiwe na maandishi mengine popote. Na mtu asiyejua kusoma aweze kucheza kwa kuangalia tu.

Kuanzia hapo PICO-8 ikawa kitu kingine. Angalia hesabu. Bao lina safu nne za mashimo manane. Nukta 128 ukigawa kwa 8 unapata 16 kamili, na kigae cha PICO-8, yaani kipande kimoja cha picha, ni nukta 8 kwa 8, kwa hiyo kila shimo lingekuwa vigae vinne safi. Mashine yenyewe inakusukuma huko: bao lijaze upana wote wa skrini. Nusu ya skrini bao, nusu ya pili sijui nini. Lakini kanuni ya kwanza inasema pindo. Pindo la kigae kimoja kila upande linakula nukta 16, zinabaki 112. Gawa kwa 8: kila shimo nukta 14. Safu nne ni nukta 56, na mji una kimo cha 112, kwa hiyo bao ni nusu kamili ya mji. Nikatenga 16 juu kwa kete za akiba za mpinzani, 16 chini ya bao kwa zangu, na 24 zilizobaki zikawa za jina na hewa ya kulizunguka. Ndiyo, nimeacha patupu. Hakuna ua.

Shimo la nukta 14 nalo lina habari yake. Ukitoa ukingo zinabaki 12. Kete yangu ni nukta 2 kwa 2 na nafasi ya nukta moja, kwa hiyo zinaingia nne kwa nne, ila shimo ni duara, pembe nne hazina mahali, zinabaki kete 12. Nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, kwenye bao lililochongwa vizuri huwa ya mraba. Mraba hauna pembe za kukatwa, kwa hiyo nyumba inabeba 16. Sikulipanga hilo. Bao limeamua zamani sana kabla yangu kwamba shimo linalobeba mzigo mkubwa liwe na umbo tofauti, na nukta zangu zikakubaliana nalo. Zikizidi hapo natumia tarakimu, na tarakimu mbili za PICO-8 zina upana wa nukta saba tu, zinakaa vizuri ndani.

Pindo ni vigae 60 kuzunguka skrini, lakini nilichora vitatu: pembe, ukingo wa kulala na ukingo wa kusimama. Amri ya spr, ile ya kuchora picha, inaweza kugeuza picha kushoto-kulia na juu-chini, hivyo pembe moja inatosha pembe zote nne. Kuizungusha robo haiwezi, ndiyo maana ukingo wa kusimama ulihitaji kigae chake. Mtu aliyewahi kupanga pindo la kadi kwa mkono atatabasamu hapo.

Rangi zina mambo. Kanga yangu ya kwanza ni kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nani angeanza na nyingine? Nyekundu ya PICO-8, ile namba 8, inaelekea kwenye waridi; juu ya skrini ni nzuri, kwa kisutu haijaiva. Namba 2 wao wanaiita zambarau, mimi naona damu ya mzee bila ubishi. Kuna rangi nyingine 16 zilizofichwa, namba 128 hadi 143, ambazo unaweza kuziita kwa amri ya pal ziingie mahali pa zile za kawaida. Hapo namba 136 ni nyekundu iliyoiva, ndiyo niliyochukua. Na kwa amri hiyo hiyo ya pal ninabadilisha kanga nzima, kutoka kisutu hadi manjano na buluu, kwa mstari mmoja wa msimbo, bila kuchora upya chochote. Kwa mtu ambaye amelipia wino wa rangi kwa fedha yake, hiyo peke yake ina thamani ya nusu ya bei.

Nije kwenye jina, maana ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote. Herufi za PICO-8 zina upana wa nukta nne kila moja pamoja na nafasi yake. Mji wangu una upana wa 112. Kwa hiyo jina lisizidi herufi 28, nafasi zikiwemo. Kiswahili hakina alama za juu ya herufi kwa hiyo fonti yake inatutosha kabisa, hata ng'ombe anapata alama yake. Shida ni urefu. Nikakaa na daftari nikihesabu methali na majina ya kanga kwa vidole, mtu angeniona angedhani nahesabu deni. Haraka haraka haina baraka: 26, inapita. Usisafirie nyota ya mwenzio: 27. Subira ni ufunguo wa peponi: 27. Mcheza kwao hutunzwa: 20, hiyo ni ya mshindi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki: 31, imegonga ukuta. Wazee ni hazina kuwatunza ni lazima: 35, haifai.

Nilichokihitaji hasa ni jina la anayeshindwa, na kila mtu anajua ni lipi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Herufi 34. Ningeweza kulikunja mistari miwili, nafasi ipo. Lakini jina la kanga yangu ni mstari mmoja, ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi juu ya printa. Nikaacha ASIYEKUBALI KUSHINDWA, herufi 21, basi. Kila niliyempa gemu hii akishindwa anamalizia mwenyewe kwa sauti, tena kwa hasira. Mashine yenye skrini kubwa ingeniruhusu niandike methali yote, na chumba kingekuwa kimya.

Jina pia ndilo linalosema zamu na hali ya mchezo. Mpinzani akikawia, linatokea la subira. Ukila nyumba ya mwenzako, linatokea HASIDI HANA SABABU, na mdogo wangu wa kike amesema hilo ni uchokozi. Ni kanga, mama. Kanga isiyochokoza ni taulo.

Mtihani ulikuwa mjomba. Yeye hucheza bao kila alasiri barazani na hana uvumilivu na vitu vya umeme. Nilimpelekea laptopu, shikamoo, marahaba, umeniletea sinema gani tena. Akacheza namua kidogo, akasimama.

"Mwanangu, mkono uko wapi?"

"Mkono gani mjomba?"

"Kete zinaruka tu. Mtu akisambaza mimi nautazama mkono wake. Humu mkono hamna, nitajuaje kama hajaniibia?"

Kanuni ya nne, ile ya kucheza kwa kuangalia, ilikuwa imeshasema hivyo kwenye karatasi; mjomba aliitafsiri tu. PICO-8 huenda kwa fremu 30 kwa sekunde, nikaipa kila kete fremu sita, yaani moja ya tano ya sekunde, ianguke peke yake na mlio wake. Mlio ni mchakacho, mfupi sana, mwembamba shimo likiwa tupu, mzito likiwa limejaa. Sasa ukifumba macho unasikia kete inapolala. Sehemu ya sauti ina nafasi 64 za milio, mimi nimetumia chache mno na sina muziki. Barazani hakuna muziki, kuna watu wanaobishana.

Baadaye mjomba alicheza dhidi ya kompyuta. Alishinda huku anakunywa kahawa na kuzungumza na mtu mwingine. "Huyu wako hajui bao," akasema, akanirudishia.

Ni kweli hajui, na hapo tokeni 8,192 zikaanza kuuma. Bao lina sheria nyingi kuliko linavyoonekana: kuanzia namua ambapo kila mmoja ana kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake na 22 za akiba, hadi mtaji ambapo akiba imekwisha. Nyumba peke yake ina masharti yake. Ukiishia humo kwa kula, unayo hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kusambaza kete za nyumba, na hiari hiyo inafungua matawi ya msimbo ambayo yalikula tokeni kuliko uchoraji wote wa kanga. Kumfundisha mpinzani wa kompyuta afikiri vizuri, juu ya sheria hizo, kwa lugha ninayoijua nusunusu, kusingeenea kwenye tokeni hizo. Lazima kimoja kiondoke: ama mpinzani awe mjinga, ama sheria za nyumba zipunguzwe.

Mashine haikunisaidia kuchagua. Inakuonyesha namba tu, tokeni ulizotumia kati ya 8,192, pembeni chini. Kanga ilinisaidia. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na bao huchezwa na watu wawili wanaotazamana. Nikamwondoa mpinzani wa kompyuta mzima mzima. Sasa ni watu wawili, laptopu moja, zamu kwa zamu, na sheria za nyumba zimo zote pamoja na safari. Kuna atakayesema gemu isiyochezwa peke yako haifai siku hizi. Haya, atengeneze ya kwake, dola 14.99.

Yasiyonipendeza yapo. Pa kuandikia msimbo ni ndani ya skrini ile ile ya nukta 128, kwa hiyo mstari mmoja unaonyesha herufi kama 30 na macho ya mtu aliyepita miaka arobaini yanalia. Dawa yake ni kuandika kwenye kihariri kingine, kwa kuwa faili la p8 ni maandishi ya kawaida, ila basi ile raha ya kila kitu kuwa chumba kimoja inapungua. Mwongozo ni mzuri na umekamilika, lakini ni Kiingereza kitupu na umeandikwa kwa mtu anayejua tayari programu ni nini. Na hakuna toleo rasmi la kutengenezea kwenye simu. Kwa vijana wanaonijia dukani, ambao kompyuta yao pekee ni simu, hiyo si kasoro ndogo.

Kwao kuna njia mbili. Lipo toleo la elimu la PICO-8 linalofunguka kwenye kivinjari bila malipo, zuri la kuonjea kabla hujatoa pesa. Na ipo TIC-80, ya bure na msimbo wake uko wazi, skrini yake ni nukta 240 kwa 136 na rangi 16 unaweza kuzichagua mwenyewe. Niliijaribu. Kwa umbo, ule mstatili uko karibu zaidi na kanga halisi kuliko mraba wa PICO-8, nakiri. Lakini kule nilijikuta usiku kucha nachagua rangi, na kazi ya kuchagua rangi ninayo mchana.

Je, ununue? Kama una wazo na hujui litaanzia wapi, sidhani kama PICO-8 ndiyo itakayokuambia, hata ukisoma kwamba Celeste, ile gemu kubwa ya 2018, ilianza humu 2015 kama gemu dogo la Maddy Thorson na Noel Berry lililotengenezwa kwa siku nne. Wale walijua wanataka mtu anayeruka na kupanda. Anza na toleo la bure, na kabla hujachora nukta ya kwanza andika kwenye karatasi mambo matatu manne ambayo gemu yako haitayafanya. Ukiona karatasi ile inaanza kugombana na mashine, na wewe uko upande wa karatasi, hapo toa pesa. Mimi ninaipa nyota nne na nusu. Nusu iliyobaki ni ya macho yangu.

Neno la mwisho kwa watakaotaka kusambaza kazi zao. PICO-8 huhifadhi gemu kama picha ya katriji, faili la png, na gemu yote imefichwa ndani ya rangi za picha hiyo. Ni ujanja mzuri sana. Lakini ukiituma WhatsApp kama picha, inabanwa na gemu inafutika, anabaki mwenzio na picha ya katriji tu. Itume kama dokumenti. Kwa wasio na PICO-8, toa gemu kwa amri ya export iwe ya kivinjari, inacheza hata kwenye simu na vitufe vinajichora vyenyewe chini ya skrini. Kwenye simu ya mjomba kisutu imetoka vizuri, ila jina inabidi avae miwani.